Tanzia ya Tseno

Binti wa mapokezi alihesabu maua yangu kabla hajanitazama usoni. Mawaridi meupe manne, yamefungwa kwa uzi. Kwetu aliye hai hupewa maua matatu, matano au saba. Mawili na manne ni ya marehemu. Hata mtoto wa shule analijua hilo.

"Pole, babu," akasema. "Umefiwa?"

"Nimefiwa zamani. Mama yako alikuwa bado anajifunza kusoma."

Akaandika jina langu kwenye mashine yake: Radoi Mihov, kutoka Vidin, siku mbili. Mkononi alikuwa amefunga uzi mwekundu na mweupe wa mwezi Machi, ule tunaovaa mpaka tuone mti wa kwanza uliochanua. Kifuani alikuwa na kibao cha jina: Zornitsa.

"Nipe chumba cha ghorofa ya tatu, kushoto, chenye dirisha la barabarani."

"Hicho kina kelele za tramu, babu. Wageni wote wanakilalamikia."

"Reli hizo nimezichomelea mimi, miaka saba. Kelele zake zinanibembeleza."

Akanipa ufunguo. Nikapanda ngazi hamsini na nane. Sikuzihesabu siku hiyo, nazijua.

Juu ya mlango wa barabarani wenye hoteli wametundika kibao cha Kiingereza, neno lenye maana ya "nyumbani". Nilipotafsiriwa nilicheka kicheko kibaya. Nyumbani kwa nani? Nyumba hii ilijengwa na tajiri wa tumbaku enzi za mfalme. Ikachukuliwa kwa jina la wafanyakazi, na wafanyakazi wakapangwa humo familia mbili mbili kama dagaa kwenye kopo. Kisha ikarudishwa kwa wajukuu wa tumbaku, wakaiuza, na aliyeinunua akaikata kwa mbao za jasi kama mtu anavyokata jibini. Chumba alichoishi rafiki yangu Tseno na mama yake na dada yake sasa ni vyumba vinne vyenye choo kimoja cha pamoja. Darini kulikuwa na ua kubwa la plasta, fahari ya tajiri yule. Kuta za jasi zimepita katikati yake kwa urefu na kwa upana. Mimi nilipata robo ua, kitanda cha chuma, na taulo nyembamba kama karatasi ya kusokotea tumbaku.

Niseme kilichonileta.

Mwaka 1979 mimi na Tseno Barakov tulikuwa mafundi katika karakana moja ya tramu hapa Sofia. Majira ya baridi mwenzetu alipoteza vidole vitatu kwenye mashine ambayo kila mtu alijua ni mbovu, nasi tukaandika barua ya malalamiko. Nasema tukaandika, barua niliitunga mimi. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi chini ya balbu ya ngazini, bila mwalimu, na maneno yalinichemka kama maji ya kahawa. Lakini mwandiko wangu ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Mwenye mwandiko mzuri alikuwa Tseno. Akainakili, na kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake, akatia sahihi ya kwanza. Mimi nilitia ya kumi na nne.

Watu wa usalama wakamchukua Jumatatu. Jumamosi wakamrudisha katika jeneza lililokwisha kupigwa misumari, na cheti chenye muhuri: moyo ulisimama. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Ngazi hizi alizipanda mbili mbili, huku akipiga mluzi.

Kwetu mtu akifa, tanzia yenye picha yake hubandikwa mlangoni pa nyumba aliyoishi. Siku ya arobaini inabandikwa nyingine, na mwaka ukitimia, na kila mwaka ikiwa kuna anayekumbuka. Na tanzia haibanduliwi na mkono wa mtu. Mvua na upepo ndio wenye ruhusa hiyo. Mimi nilibandika ya Tseno saa moja asubuhi. Saa tatu mlango ulikuwa mtupu, na mtunza nyumba, Stoil, alikuwa amesimama pale na ufagio wake, ameinamisha macho. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Wiki ile ile wakanifutia muhuri wa kibali cha kuishi mji mkuu, wakanipeleka Vidin, mwisho wa reli, nikaongee na mto Danube.

Utawala ule wa kikomunisti ulipoanguka nikarudi. Jambo la kwanza nililofanya ni kuchapisha karatasi mia mbili, nikazibandika kuanzia nyumba hii hadi Daraja la Simba: *Stoil mtunza nyumba ndiye anayewachania wafu wetu tanzia zao.* Watu wakaacha kumsalimia. Dukani walimpa mkate bila kumtazama. Alikufa mwaka wa nne baada ya hapo. Niliposikia, nilikuwa mezani. Nikaendelea kula.

Na tangu mwaka ule niliporudi, kila tarehe kumi na mbili Machi, nashuka kituoni Sofia, nabandika tanzia ya Tseno, navua kofia kuelekea dirisha la ng'ambo ya barabara, kisha naondoka kwa treni inayofuata. Dirisha lile ni la Gergina, mama yake. Mwezi mmoja baada ya mazishi walimnyang'anya chumba chao wakamhamishia kule. Ngazi zake sijawahi kuzipanda hata mara moja. Ningemwambia nini? Mama, mimi ndimi sahihi ya kumi na nne?

Mwaka jana theluji ilichelewesha treni. Nikarudi mtaani kutafuta kahawa, na saa moja haikuwa imepita, mlango mtupu! Hoteli ilikuwa na miezi mitatu tangu ifunguliwe. Nikaelewa. Mgeni anayeburuta sanduku lake hapendi kupokewa na uso wa maiti. Ndiyo maana safari hii nilichukua chumba. Nilitaka kulala juu ya mlango ule kama mbwa wa mnyororo, ili karatasi ya Tseno ikae siku nzima, walau mara moja, mpaka jua lizame, na mama yake aione.

Jioni ile nilishuka mapokezi na karatasi yangu chini ya kwapa.

"Babu, hiyo ni ramani?" Zornitsa akauliza.

Nikaikunjua juu ya kaunta. Juu, picha ya Tseno. Chini yake, kwa herufi nene: *TSENO BARAKOV. ALIUAWA. Wauaji wake wanakula pensheni. Waliochana tanzia yake wanajulikana. Hatusahau. Hatusamehe.*

Aliisoma huku midomo ikicheza. "Ni ya mlangoni?"

"Kesho saa moja."

"Ee Mungu. Bosi atanimaliza. Mwaka jana kuna mgeni aliandika kwenye mtandao kwamba mlangoni kwetu kumebandikwa picha ya jambazi anayetafutwa. Alipiga na picha. Akatupa nyota moja."

"Kwa hiyo ukaichana."

"Nani, mimi?" Akajishika kifua. "Niguse tanzia? Mama angenikata mkono akawapa paka. Bosi aliniambia niibandue, ni kweli. Nikasema naam, bosi, nikaenda kutandika vitanda nikiomba mvua inyeshe. Niliporudi haikuwepo."

"Basi ilijibandua yenyewe."

"Mimi sijui, babu."

"Stoil naye alikuwa hajui."

"Stoil ndiye nani?"

"Mwenzako wa ufagio. Utakutana naye siku moja akufundishe kazi."

Aliumia, niliona. Lakini mimi nimeumia kwa miaka thelathini na tisa, sikumhurumia. Akakunja karatasi yangu taratibu, kwa adabu, akanirudishia.

"Kama ni kwa ajili ya Bibi Gergina," akasema, "basi kesho ndiyo mara ya mwisho. Keshokutwa binti yake, Violeta, anakuja kumchukua. Anampeleka Varna. Ana miaka themanini na tisa na nyonga imemwisha. Huwa nampelekea mkate, ndiyo maana najua."

Nikapanda tena zile ngazi. Kesho tu. Baada ya hapo dirisha la ng'ambo halitakuwa na mtu wa kutazama.

Asubuhi nilikoroga gundi ya unga kwenye kikombe cha hoteli. Saa moja kamili nikaipaka mlangoni, nikamlaza Tseno juu yake, nikampangusa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni ili asipate mikunjo. Nikaweka mawaridi manne chini. Nikavua kofia kuelekea ng'ambo. Pazia halikutikisika.

Nilikuwa nimekuja na chupa ya ngano ya kuchemsha, na sukari na kokwa za jozi zilizosagwa, ile tunayowagawia watu kwa ajili ya marehemu. Nikaiacha kwenye meza ya chumba cha kifungua kinywa nikaenda kuchukua miwani. Niliporudi, vijana wawili wa Kiholanzi wenye mabegi kama makabati walikuwa wameimiminia mtindi, wanakula. Zornitsa alikuwa amesimama na birika, rangi imemtoka.

"Babu, nisamehe. Wamedhani ni chakula cha hoteli."

"Waache wale. Ila waambie neno la kusema."

Akawaambia kwa Kiingereza. Vijiko vikasimama hewani. Msichana akawa mwekundu hadi masikioni, kisha akanitazama usoni na kusema kwa lugha yetu, akijikwaa kwenye kila silabi: "Mungu amsamehe."

"Mungu amsamehe," akasema na mvulana, na mdomo umejaa.

Tseno hakuwahi kuombewa na Mholanzi. Angecheka mpaka ashike ukuta.

Saa mbili na nusu nilikuwa dirishani. Nilikivuta kiti mpaka magoti yakagusa bomba la kupashia chumba joto. Mwanamume mmoja alipita, akasoma, akavua kofia. Mwanamke mwenye kikapu akajifanyia ishara ya msalaba. Mgeni mmoja akapiga picha. Saa tatu Zornitsa akatoka na ndoo. Nikafungua dirisha kwa kishindo.

"Wewe binti! Ndoo hiyo ni ya nini?"

Akainua uso. "Ya kuoshea ngazi, babu! Au na uchafu nao ukae mpaka jua lizame?"

Muuza magazeti wa kona akacheka. Nikafunga dirisha. Aliosha ngazi zote na mlango hakuugusa. Hata alipopita na tambara alijikunyata kando, kama mtu anayepita mbele ya wazee. Hilo nililiona, lakini sikutaka kuliona.

Saa nne na kitu, mlango wa ng'ambo ukafunguka.

Alitoka Gergina mwenyewe. Kitambaa cheusi, koti jeusi, fimbo mkononi. Sikuwa nimemwona kwa karibu kiasi hicho tangu mazishi. Alivuka barabara kama mtu anayevuka mto. Tramu ikapiga kengele, kisha dereva akamwona vizuri, akaacha kengele, akasubiri. Nilisimama. Nilidhani anakuja kumbusu mwanawe. Nikavua kofia mle chumbani peke yangu, chini ya robo ua langu.

Akaiegemeza fimbo ukutani. Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kisu kidogo cha jikoni. Akakipenyeza chini ya pembe ya karatasi, akaanza kuibandua. Hakuichana. Aliibandua kidogo kidogo, kama unavyombandua mtoto bendeji, ukipuliza. Gundi ilikuwa bado mbichi. Ikatoka nzima. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Ngazi hamsini na nane. Sijui nilizishukaje.

"Mama Gergina!"

"Usipige kelele, Radoi. Mimi si mkutano wa hadhara."

"Umeibandua!"

"Nimeibandua. Kama mwaka jana."

"Mwaka jana ni wewe?"

"Na mwaka juzi, na mwaka ule kabla yake. Wewe unabandika, unavua kofia, unakimbilia treni. Mimi nashuka. Zamani nilishuka kwa dakika moja. Mwaka huu nimechukua asubuhi nzima."

Zornitsa alikuwa ametokea mlangoni na funguo mkononi. Sikuweza kumtazama.

"Na ile ya kwanza?" nikauliza. Sauti haikuwa yangu. "Mwaka ule?"

Gergina alitazama reli. "Kulikuwa na gari limesimama pale, na watu wawili ndani. Wanaandika kila anayesimama kusoma. Stoil akapanda kunigongea. Akasema, Gergina, una binti, ana mtihani wa chuo mwezi wa sita, na hawa hawajashiba bado. Akasema, mimi siigusi, ni mwanao, amua wewe. Nikashuka na kisu hiki hiki. Yeye akanishikia mlango. Akainamisha macho, asinione nikilifanya."

Akainamisha macho. Picha ile nimeibeba miaka thelathini na tisa: ufagio, kichwa kilichoinama. Nimeihutubia, nimeichapisha, nimeigawa bure njiani. Na picha ilikuwa ya kweli! Ila nilichokisoma ndani yake nilikiandika mwenyewe.

"Nilipombandika Stoil," nikasema, "ulisoma?"

"Nilisoma. Mtaa mzima ulisoma. Nilimwona akipita na mkate kwapani, watu wakimgeuzia migongo, nikafunga pazia. Kama ningesema si yeye, ningelazimika kusema ni nani. Naye hakusema. Mpaka anakufa hakusema." Akaitafuta fimbo yake kwa mkono. Zornitsa akampa. "Kwa hiyo wewe ulimwandika, mimi nikanyamaza. Usijitwike lote peke yako. Wewe unapenda kujitwika, halafu unawatwika wengine."

"Lakini sasa, mama! Magari yale hayapo tena. Violeta ni daktari, ana wajukuu. Sasa kwa nini?"

Akaitoa karatasi kifuani, akaikunjua mbele ya pua yangu.

"Isome. Iko wapi hapa siku aliyozaliwa? Imeandikwa wapi kwamba ni mwana wa Gergina? Naona wauaji, naona pensheni, naona hatusamehe. Nani hao wasiosamehe? Mimi uliniuliza? Uso ni wa mwanangu, mdomo ni wako. Tangu ile barua, Radoi, mdomo ni wako."

"Ulijua kuhusu barua?"

"Nilisomewa kule walikoniita. 'Unyonyaji'. 'Uzembe wa kitabaka'. Mwanangu hakuwahi kutamka maneno hayo. Alikuwa akija nyumbani anasema, mama, wanatuonea."

Nikakaa kwenye ngazi ya hoteli, juu ya unyevu wa ndoo. Watu wakapita. Nimesimama juu ya makreti, nimesimama juu ya mabenchi ya bustani, nimewajibu wakurugenzi na wabunge na makasisi. Mama yule alisema sentensi chache, nami nikainamisha macho.

Zornitsa ndiye aliyesogea kwanza. Alileta kiti cha mapokezi, chenye magurudumu, akamkalisha Gergina mlangoni na kumfunika magoti kwa blanketi la hoteli.

"Bibi," akasema, "wewe ungependa iandikweje? Mimi nina mashine ya kuchapa pale ndani."

Gergina akamgeukia. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema. Kisha, kama mtu ambaye jibu limekaa mdomoni miaka mingi likisubiri tu mlango ufunguliwe: "Andika. Tseno, mwana wa Gergina na Marin. Siku aliyozaliwa, tarehe mbili Mei. Siku aliyokufa, hii. Aliishi katika nyumba hii, ghorofa ya tatu. Alikuwa na mwandiko mzuri. Alipiga mluzi ngazini."

Zornitsa aliandika kwenye simu yake kwa vidole gumba viwili. Akangoja.

"Basi," Gergina akasema.

Nilijizuia kadiri nilivyoweza. Sikuweza sana. "Mama, nisamehe. Na jinsi alivyokufa? Tukinyamaza, ni cheti chao kinachobaki. Watakuwa wameshinda."

Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Alifikiri, na kidole chake kikisugua mpini wa kisu.

"Cheti chao kilisemaje?"

"Moyo ulisimama."

"Niliuosha mwili wake mimi? Sikuuosha. Hawakunifungulia jeneza. Lakini nilimzaa, nikamlea, nikamsikia akipanda ngazi hizi miaka kumi bila kuhema." Akamgeukia Zornitsa. "Andika, mwanangu. Moyo wake ulikuwa mzima."

Nimeandika vipeperushi tangu nikiwa kijana. Sijawahi kuandika mstari kama huo.

Simu ya mapokezi ikalia. Zornitsa akaingia, akauacha mlango wazi, tukamsikia.

"Naam, bosi... Nimeiona, bosi... Imeshatoka, lakini inabandikwa nyingine... Hiyo siwezi kuibandua... Kwa sababu mama mwenyewe amekaa mlangoni, bosi, kwenye kiti changu... Basi njoo uibandue wewe... Ndiyo. Nangoja. Njoo."

Hakuja.

Zornitsa akachapa maneno ya Gergina, na picha tuliikata kutoka kwenye karatasi yangu. Kilichobaki cha maneno yangu nilikitia mfukoni. Gundi niliikoroga upya. Gergina aliipaka mwenyewe kwa viganja, tukimshika huku na huku ili afikie juu. Ilipokaa sawa, aliweka kiganja juu ya uso wa picha, akakiacha pale mpaka karatasi ikashika joto lake.

Alikaa siku nzima. Nami nilisimama kando yake kofia mkononi. Watu walisoma wakasema Mungu amsamehe, naye akajibu kila mmoja, "Na wafu wako pia." Mzee mmoja mwenye mbwa aliposoma mstari wa mwisho aliurudia kwa sauti, kisha akasimama pale bila kuondoka mpaka mbwa akalala. Wale Waholanzi walirudi saa kumi, wakauliza kilichoandikwa, Zornitsa akawatafsiria. Hakuna aliyepiga picha.

Jua lilipokaribia mgongo wa mlima Vitosha, Zornitsa alichomoa tulipu tatu kwenye chombo cha mapokezi, zile za kuwakaribisha wageni. Akairudisha moja. Mbili akaziweka chini ya mlango, kando ya mawaridi yangu.

"Nilikukosea jana," nikamwambia.

"Ulinikosea, babu," akasema, akaingia ndani kuwapokea wageni wapya.

Jua likazama. Karatasi ilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo nusu ya maisha yangu, nikidhani itakapofika nitapiga kelele. Nilimvusha tu Gergina barabara. Dereva wa tramu alitungoja. Kwa mara ya kwanza nikapanda ngazi zake, nikimshika kiwiko, na juu akaniwashia taa na kunionyesha droo. Tanzia zangu zote za miaka iliyopita zilikuwa mle, zimekunjwa mara nne nne, na ile ya kwanza chini kabisa, ya manjano, na unga mkavu mgongoni mwake. Hakuna hata moja iliyochanika.

"Uso wake nisingeutupa," akasema.

Nikamuuliza jambo moja tu. Mimi ninayejua idadi ya ngazi na tarehe ya kila mgomo, sikulijua jina la baba yake Stoil. Kwenye zile karatasi mia mbili nilimwita mtunza nyumba tu, na ilitosha.

"Stoil Vatev," Gergina akasema. "Mke alimfia mapema. Watoto hawakuwa nao. Yeye hakubandikiwa tanzia na mtu."

Asubuhi, kabla gari la Violeta halijafika na kabla ya treni yangu, nilimwomba Zornitsa karatasi nyeupe. Aliuliza kama nataka ichapwe. Nikakataa. Niliiandika kwa mkono wangu, mwandiko wa kuku kwenye majivu, polepole, ili kila mpita njia aweze kusoma. *Stoil Vatev, mtunza nyumba hii. Hakuchana. Alishika mlango.*

Sikuwa na picha yake, nikaacha nafasi tupu mahali pa uso. Chini kabisa, pale ambapo wafiwa huandika majina yao, niliandika: *Kutoka kwa Radoi Mihov, aliyemsingizia.*

Nikaibandika kando ya Tseno, nikaipangusa kutoka katikati kwenda pembeni. Hapakuwa na sahihi nyingine juu yangu wala chini yangu.